Wazee Nao Waende Sikukuu

Usiku wa Sikukuu macho ya watu wote huwa kwenye pembea. Mimi siku hizi huyatazama mabenchi. Hapo ndipo wanapokaa mabibi na mababu, kila mmoja na mzigo wake: viatu vya mjukuu aliyevuliwa ili apande, kofia, mkoba wa mama yake, chupa ya maji iliyobaki nusu, kifuko cha ubuyu. Mzee amevaa kanzu iliyopigwa pasi tangu alfajiri, au kanga mpya ndani ya buibui. Amekaa upande upande kwa sababu benchi halina pa kuegemea. Ukimuuliza hali atakwambia alhamdulillahi, nimekuja kuwatazama watoto. Hakuna aliyemuuliza yeye mwenyewe anataka kutazama nini, kula nini, wala kupanda nini.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkaazi wa Kikwajuni hapa Unguja, na jambo hili limenikaa rohoni tangu dada yangu mkubwa alipokuja kutoka Wete, Pemba, kula Idi kwetu. Ana miaka 74. Ana presha, magoti yanamsumbua, na hutembelea bakora aliyoachiwa na marehemu mumewe. Watoto wetu walishampangia: siku ya kwanza ataletewa wageni, siku ya pili ataletewa wageni, ya tatu atapumzika. Nilipomuuliza chumbani, mlango ukiwa umerudishwa, akaniambia: "Mie sikuvuka bahari kuja kukaa kitako. Hospitali n'shakwenda, maiti n'shazika, harusi n'shacheza. Nataka kutembezwa."

Tukamtembeza. Katika kumtembeza nimeona mengi ambayo nyumba nyingi zenye wazee zingependa kuyajua, kwani nia ya kuwafurahisha wazee wetu tunayo, na mara nyingi hata nauli tunayo. Kinachokosekana ni kukaa chini na kumpangia mzee safari kama tunavyompangia mtoto.

Tumezoea kuamini kwamba viwanja vya kufurahia ni vya watoto, na mtu mzima akionekana huko basi ni msindikizaji. Havikuanza hivyo. Bustani ya Tivoli mjini Copenhagen, Denmark, ilifunguliwa mwaka 1843 na ingali wazi hadi leo. Watu wazima walikwenda kutembea jioni, kusikiliza muziki, kula na kutazama taa, na mashine za kuzunguka zilikuwa sehemu tu ya starehe hizo. Na Walt Disney, Mmarekani aliyekuja kuvipa viwanja hivi sura tunayoijua, alisimulia mara nyingi kwamba wazo la Disneyland lilimjia akiwa amekaa kwenye benchi huko Griffith Park, Los Angeles, akila karanga, huku binti zake wakizunguka juu ya farasi wa mbao. Baba mzima hana la kufanya ila kungoja. Akaona lazima pawepo mahali ambapo mzazi na mtoto wanafurahi kwa pamoja. Disneyland ilipofunguliwa Anaheim, California, mwezi wa Julai 1955, ilikuwa na treni inayokizunguka kiwanja chote, ya kupandwa na mtoto na babu yake bila ya mmoja kumngojea mwenzake. Siku hizi viwanja vikubwa vya namna hiyo hukodisha viti vya magurudumu langoni, kwa sababu wenyewe wanajua kwamba nyuma ya watoto mara nyingi yupo mzee aliyelipa au aliyesababisha safari.

Kwetu yule wa kwenye benchi ni bibi, na mimi naamini anastahili zaidi ya kushika viatu.

Nilianza na bustani ya Forodhani, Mji Mkongwe. Sehemu kubwa ya bustani ni tambarare, kuingia ni bure, gari inafika karibu kabisa, na upepo wa bahari unafanya kazi ambayo feni za nyumbani haziiwezi. Juu ya hayo, Forodhani haikutengwa kwa ajili ya watoto peke yao. Mzee akikaa pale haonekani kapotea njia.

Dada yangu mara ya mwisho kupita hapo alikuwa msichana, kaletwa mjini kununuliwa nguo za harusi. Kwa hiyo tulikwenda kwanza alasiri, jua likiwa limeshapoa, apate kupatazama kabla ya watu kujaa. Nilimweleza niliyokuwa nikiwaeleza wanafunzi wangu. Kwamba hapa palikuwa mahali pa forodha na mizigo kabla bandari haijahamia Malindi. Kwamba mwanzoni mwa karne iliyopita treni ya Bububu ilikuwa ikianzia mbele ya Ngome Kongwe. Kwamba mwaka 1936 pakafanywa bustani ya kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultan Khalifa bin Haroub, na ndiyo sababu wakongwe wa mji walipaita Jubilee. Lile lango la upande wa bahari lilijengwa mwaka 1956 kwa ziara ya Princess Margaret wa Uingereza. Dada alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anayengoja hutuba imalizike.

Alichangamka nilipofika kwenye Ngome. Kuta zile zilijengwa na Waarabu wa Oman baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Zikawa ngome, zikawa gereza, na mwishoni mwa miaka ya 1940 zikafanywa klabu ya wanawake, wakicheza tenisi humo ndani, pahala macho ya wanaume hayafiki. "Wanawake wa hapa hapa?" akauliza. Nikamwambia ndiyo. Akasimama, akaegemea bakora yake, akaitazama Ngome kwa namna ambayo hakuitazama mwanzo. Akasema: "Basi bibi zetu walikuwa na pao pa kuchezea, sie tukaambiwa wazee hawachezi."

Tulipita pia mbele ya Beit al-Ajaib. Jumba lile lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883 liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, na dada alizisikia habari hizo kwenye redio akiwa Wete. Alitaka kuona kwa macho yake. Hili nalo ni la kuzingatia unapomtembeza mzee: mjukuu anataka kitu kipya, lakini mzee ana orodha yake kichwani ya vitu alivyovisikia au alivyoviacha, na anataka kujua vimefika wapi. Muulize orodha hiyo kabla hamjatoka.

Bustani yenyewe iliwahi kuchakaa vibaya. Sisi tuliokuwa tukipita miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 tunakumbuka vumbi, moshi na giza. Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ukaifanyia matengenezo makubwa, na ikafunguliwa upya Julai 2009 ikiwa na ukuta wa bahari ulioimarishwa, njia zilizotandikwa mawe, majani, taa, sehemu ya watoto kuchezea na sehemu ya wauza vyakula. Wauzaji ndipo walipoanza kuvaa zile kofia ndefu nyeupe za wapishi. Kwa mtu wa umri wa dada yangu, njia iliyosawazishwa na taa inayowaka zina thamani kuliko mapambo yote, kwa sababu jicho la mzee huchelewa kuzoea linapotoka kwenye mwanga mkali wa taa za meza za vyakula kuingia kwenye kiza cha chini ya miti. Hapo ndipo watu huanguka. Mshike mkono hapo, hata kama amesema hataki.

Sasa niseme la choo, maana ndilo linaloamua safari nzima na ndilo watu wanaloona haya kulisema.

Wazee wengi wenye presha wanatumia vidonge vinavyotoa maji mwilini kwa njia ya haja ndogo. Akijua kwamba leo anatoka, mzee hufanya moja kati ya mawili, na mara nyingi yote mawili: haimezi dawa asubuhi, na hanywi maji kutwa. Hamwambii mtu. Ukimpa chupa anaipokea, anaishika, anakurudishia ilivyo. Watu wanadhani hana kiu. Kweli, hamu ya maji hupungua kadiri mtu anavyozeeka, lakini mwili unayahitaji vilevile, na joto letu la mvuke linakausha mtu bila ya yeye kujijua. Jioni anasimama ghafla kutoka kwenye kiti alichokalia saa nzima, damu inachelewa kupanda kichwani, anaona kizunguzungu, anakwenda chini. Kesho yake watu wanasema bibi alichoshwa na matembezi.

Hayakumchosha matembezi. Alikuwa na kiu na hakujua choo kiko wapi. Kwa hiyo mimi nilitangulia mchana, peke yangu, nikaenda kukitafuta choo, nikakiingia, nikatazama kama kina ngazi, kama kina pa kushika, kama mlango unafungika, kama maji yanatoka. Kisha nikamwambia dada maneno mepesi kabisa: choo kipo, ni kisafi, si mbali, na nitakwenda nawe. Habari ya dawa tulishamuuliza daktari wake kabla hajaondoka Pemba, naye akampa saa ya kuimeza siku za kutembea. Kuibadilisha saa ya dawa kwa kujiamulia wenyewe haifai. Usiku ule dada alikunywa maji, mbele yangu, chupa nzima.

Kuhusu majira, Sikukuu haichagui. Idi hurudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka, na miaka hii Idi ndogo inaangukia ndani ya masika au karibu yake: mwaka 2024 ilikuwa Aprili, 2025 ikawa mwisho wa Machi. Mawe ya Mji Mkongwe yakiloa huteleza vibaya, na bakora isiyo na mpira chini haimsaidii mtu. Ule mpira ununue, haugharimu kitu. Kama safari si ya Sikukuu na mna uhuru wa kuchagua, miezi ya Juni hadi Agosti hewa ni nzuri zaidi Unguja, lakini kwa mtu wa Pemba huo ndio wakati wa kusi, na mkondo wa kati ya visiwa viwili huwa na mawimbi ya kumtapisha kijana. Mimi napenda maleleji, kusi ikiwa inamaliza na kaskazi haijashika, bahari ikatulia na jua halijawa kali. Mwambie mzee akae sehemu ya chini na ya kati ya boti, ambako mtikisiko ni mdogo. Na Malindi mchukulieni hamali wa mizigo badala ya kumwachia mzee abebe kikapu kwa sababu eti kina mayai na hataki kishikwe na mtu.

Tulirudi Forodhani baada ya sala ya magharibi, wajukuu wakiwa nyuma yetu. Wakati huo meza zimeshapangwa: mishikaki, pweza, kaa, kachori, mihogo ya kukaanga, ndizi, sufuria za urojo zinafuka moshi. Dada akaenda moja kwa moja kwa kijana wa mantabali, ile ambayo wageni wanaiita pizza. Akasimama kumtazama. Kijana akachukua donge la unga, akalibonda kwa kiganja, akalivuta huku na huku mpaka likawa jepesi kama shashi, akatia nyama ya kusaga, kitunguu, pilipili boga, akapasua yai juu yake, akavuruga kwa ncha za vidole, akakunja pembe nne na kulitupa kwenye chuma cha moto.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Yangu usitie chumvi. Nina presha."

"Nyama imeshatiwa, Bi Mkubwa. Lakini nitakutengenezea ya mayai na mboga, chumvi sitii kabisa. Nikutilie ndimu?"

"Tilia nyingi."

Kisha yule kijana akafanya jambo ambalo nataka lijulikane. Akaacha kazi yake, akaenda nyuma ya jiko, akatoa kiti cha plastiki chenye mgongo na mikono, akakifuta kwa kitambaa, akakiweka upande upepo unakotokea ili moshi usimfikie. Hakuombwa. Kiti hicho kilifanya dada akae saa nzima na nusu badala ya dakika kumi. Akala taratibu, akatafuna, akauliza watu wanatoka wapi, akamjua mama wa mwenye meza ya jirani kwamba ni mtu wa Chake Chake na walikuwa wakijuana zamani. Starehe ya mzee ni hiyo, kukaa mahali pazuri bila ya kuonekana anazuia njia.

Kwenye chakula niongeze machache. Pweza ni mtamu lakini hasikilizani na meno ya bandia. Mishikaki na nyama za kukausha huwa na chumvi nyingi kuliko ulimi unavyodhani. Juisi ya miwa, na tangawizi yake na ndimu yake, ni sukari tupu iliyoyeyushwa, kwa hiyo mwenye kisukari aipite. Dada hana sukari, alikunywa gilasi yake na kuisifu. Bei ulizeni kabla ya kupakuliwa, na samaki chagueni wale wanaochomwa mbele yenu, sio waliokuwa mezani tangu jua halijazama, maana tumbo la mzee likiharibika, kupona kwake kunachukua siku.

Nimeruka jambo moja la alasiri ile. Kabla ya magharibi vijana walikuwa wakipiga makachu. Asiyewajua, ni wale wanaokimbia kwa nguvu zao zote na kujirusha baharini kutoka ukutani, wakapinduka hewani mara moja, mara mbili, wakaingia majini kwa kichwa au kwa kishindo, na watu wakashangilia. Dada nilimweka mbali na njia yao ya kukimbilia, kwani pale mtu husukumwa bila ya kukusudiwa. Nilidhani ataguna na kusema vijana hawa watavunjika shingo. Akacheka mpaka akajifunika mdomo na ncha ya buibui. Akamwita mmoja kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tukiwa watoto: "Wewe wa kaptura nyekundu! Rudia!" Kijana akarudia, akamwangalia yeye kabla ya kuruka, akampungia mkono. Dada akatusimulia walivyokuwa wakijitosa kutoka kwenye ngalawa kule Wete, yeye na wasichana wenzake, na nguo zao, wakipigwa walipofika nyumbani na kesho yake wakarudi tena. Wajukuu walikuwa wamemzunguka wakimsikiliza, midomo wazi. Hawakuwa wakijua kwamba bibi aliwahi kuruka.

Siku nyingine tulikwenda Kariakoo ya hapa Unguja, kwenye kiwanja cha kufurahishia watoto. Hatukwenda usiku wa Sikukuu, ambapo hata kijana hapati pa kuweka mguu. Tulingoja Sikukuu imalizike. Kiwanja kile kipo chini ya ZSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ulioanzishwa mwaka 1998, na hili nimelifikiria sana. Fedha za mfuko ule ni michango ya wafanyakazi wa Zanzibar. Wengi walioichangia ndio leo wastaafu, ndio hao waliokaa kwenye mabenchi. Kiwanja ni chao kwa kila maana. Basi na waingie kama wenyewe.

Mzee apande nini? Mashine inayozunguka kwa kasi au kuanguka ghafla si ya mwenye maradhi ya moyo, mwenye presha isiyotulia, mwenye matatizo ya mgongo au shingo, wala mwenye mifupa iliyokwisha nguvu, na wanawake baada ya kukoma hedhi wako katika hatari hiyo zaidi ya wanaume. Katika sikio la ndani mna majimaji yanayoujulisha ubongo kama mwili unakwenda au umesimama. Mtu akizungushwa, yale majimaji yanaendelea kuzunguka hata mashine ikishasimama. Mtoto huyumba kidogo, akacheka, ikaisha. Mzee anaweza kubaki na kizunguzungu muda mrefu, na akijaribu kushuka katika hali hiyo ndipo anapoumia. Kwa hiyo tazama chombo kikizunguka mara moja kizima kabla hamjapanda. Kama kinakwenda polepole, kina mgongo wa kuegemea na mkingo wa mbele, na anayekiendesha yuko tayari kukisimamisha kabisa kwa ajili ya kupanda na kushuka, basi mzee mwenye afya ya wastani hana sababu ya kubaki chini.

Tulichagua kijitreni. Kiti chake ni cha chini, kimekatwa kwa kimo cha mtoto, na kwa mtu wa magoti hapo ndipo penye kazi. Dada ana namna yake, na kila mwenye magoti aijaribu: aligeuka akatanguliza makalio, akakaa, mikono yote miwili imeshika ukingo, ndipo akaingiza miguu yote miwili kwa pamoja, magoti yameambatana. Kutoka ni kinyume chake. Asitangulize mguu mmoja na kuacha mwili wote uning'inie juu ya goti moja. Msichana anayesimamia alituelewa haraka, akazuia watoto wasisukume, akampa mkono. Mjukuu akakaa pembeni yake, safari hii bakora na mkoba vimeshikwa na mimi. Walipomaliza mzunguko dada hakushuka. Akamuuliza yule msichana: "Tena ni shilingi ngapi?"

Na alilipa mwenyewe. Zanzibar ina Pensheni Jamii, iliyoanza mwaka 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila aliyetimiza miaka 70, awe aliajiriwa au hakuajiriwa, na baadaye ikaongezwa. Dada yangu alilima, akafuga na kulea maisha yake yote, hakuwahi kuandikwa kwenye daftari la mwajiri. Alikuwa amezifunga noti zake kwenye ncha ya kanga tangu Wete kwa ajili ya siku hii. Watoto wetu walitaka kumzuia. Niliwakataza. Mzee aliyewanunulia wajukuu juisi kwa pesa yake hurudi nyumbani akitembea vingine kabisa na yule aliyelipiwa kila kitu.

Wenye uwezo zaidi huvuka. Kwa boti, Dar es Salaam ni mwendo wa saa mbili hivi, na huko kuna bustani ya michezo ya maji ya Kunduchi na kiwanja cha Fun City cha Kigamboni. Mabomba ya kuteleza mwachieni kijana. Mzee atafutiwe kivuli na kidimbwi cha kina kifupi, na kabla ya kukata tiketi pigeni simu kuuliza kanuni ya mavazi, kwani mama zetu hawaingii majini ila wamejisitiri. Wengine wana watoto Ghuba. Jirani yangu alipelekwa na mwanawe Global Village ya Dubai, soko na maonyesho ya nchi mbalimbali yanayofunguliwa jioni katika miezi ya baridi tu. Eneo ni kubwa mno. Kijana akaleta kiti cha magurudumu, mama akakataa katakata, akisema watu watadhani kapooza. Alitembea mpaka miguu ikavimba, ndipo akakaa. Aliporudi Unguja alinisimulia banda moja baada ya jingine, na yote aliyoyakumbuka vizuri ni yale aliyoyaona akiwa kitini. Kukionea haya kile kiti kunawanyima wazee wetu mengi. Kumkalisha mzee hakumpunguzii heshima, na kijana anayekisukuma akimwuliza "twende wapi, mama?" badala ya kumsukuma tu anakotaka yeye, mzee ndiye anayebaki kiongozi wa safari.

Ningependa wenye viwanja vyetu, vya serikali na vya watu binafsi, wafanye mambo ambayo hayahitaji mfadhili kutoka nje. Mabenchi yawe na mgongo na mikono, kwa sababu mzee huinuka kwa mikono. Penye ngazi mbili tatu pawekwe chuma cha kushika. Choo kiandikwe kwa maandishi makubwa yanayoonekana tangu langoni. Na tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, ambayo sisi huiadhimisha kwa hutuba ndefu huku wazee wamekaa juani, viwanja vifunguliwe kwa ajili yao tangu asubuhi, mashine ziende polepole, na anayeogopa kupanda apewe kiti kizuri na kahawa.

Dada alipiga simu juzi kutoka Wete. Ameshawahadithia majirani zake, na wawili kati yao, wajane wote, mmoja ameshapita miaka 80, wanataka kuja naye kwenye maleleji. Mmoja hajawahi kupanda boti. Nimemwambia aniletee majina ya dawa zao yameandikwa kwenye karatasi, na mwenye gari nimeshazungumza naye atushushe mbele ya Ngome saa kumi alasiri. Yeye alikuwa na swali moja tu: yule kijana wa kaptura nyekundu, anaruka kila siku au Sikukuu peke yake?